Mtoko wa Tukuyu: Siku Anayepika Anapohudumiwa

Leo nina swali moja tu, na nakuomba ulijibu kimoyomoyo kabla hujaendelea kusoma. Mara ya mwisho wewe na mwenzi wako kukaa mezani nje ya nyumba yenu, wawili tu, mkaletewa chakula, ilikuwa lini? Harusi haihesabiki. Kipaimara cha mtoto wa jirani hakihesabiki. Ile siku mlipokwama stendi mkala chipsi mmesimama huku mnachungulia basi, nayo tuiache.

Kama umejibu "wiki iliyopita", hongera sana, lipeleke gazeti hili kwa jirani. Kama unahesabu kwa miaka, vuta kiti. Safu ya leo ni yako.

Mimi ni mtoto wa Nkunga, kule Rungwe. Asiyepajua kwetu nimweleze kidogo: ni nchi ya mlima na ukungu, mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka, na nyumba nyingi zimezungukwa na migomba. Ukisema una njaa watu wanakushangaa. Kuna ndizi, viazi, magimbi, mahindi, maharage, maparachichi, na maziwa kwa wenye ng'ombe. Mahali kama hapo, kumwambia mtu "twende tukale nje" ni kumchekesha. Kwa nini ununue ndizi zilizochemshwa na mtu mwingine wakati mikungu inaning'inia nyuma ya jiko lako?

Ndiyo maana mada hii nimekaa nayo muda mrefu. Nikienda likizo nyumbani naisikia kwa sura tofauti, na safari iliyopita niliisikia kwa dada mmoja tuliyekua naye Nkunga. Jina lake nalihifadhi. Nilimwambia tukutane mjini Tukuyu tule chakula cha mchana, yeye na mumewe, mimi na wangu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi na mume wangu tukale hotelini? Watu watasema nimeshindwa kupika. Au watasema tumegombana, tumekwenda kusuluhishwa."

Lakini nilipomdadisi, nikagundua jambo. Dada huyu anakula nje. Siku za soko anashuka na ndizi zake, na ikifika saa nne anakaa kwenye benchi la mama lishe na wenzake, chapati mbili na chai ya maziwa. Mumewe naye anakula nje. Jumamosi jioni ana meza yake na rafiki zake, wanachangishana kitimoto, ndizi za kuchoma na kachumbari ya pilipili, wanarudi usiku. Kwa hiyo nyumba ile ina watu wawili wanaokula nje kila wiki, na katika miaka 19 ya ndoa hawajawahi kula nje pamoja hata siku moja.

Nikataka kucheka. Halafu akasema neno lililonifanya nishike kalamu.

"Unajua, mume wangu akiwa na wenzake huwa anacheka. Nikipita barabarani namsikia. Sijui huwa anachekeshwa na nini, maana akifika nyumbani kicheko kimeshaisha."

Jamani!

UKWANGALA NI WA NANI?

Sisi Wanyakyusa tuna neno zuri sana, ukwangala. Kulifasiri kwa neno moja ni kazi. Ni kukaa pamoja na watu unaopatana nao, mkala, mkanywa, mkazungumza, na kila mmoja akaondoka moyo mweupe. Mtafiti Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na kufanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kizima kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa. Jina alilokipa, Good Company, limetokana na ukwangala huohuo.

Alieleza kitu ambacho wazee wetu wanakikumbuka. Zamani wavulana wakifika umri wa miaka kama 10 au 11 waliondoka kulala nyumbani, wakajenga vibanda vyao pamoja na wa rika lao. Kula, walirudi kwa mama zao, lakini hawakurudi mmoja mmoja. Waliongozana kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua wakaoa, kijiji cha rika kikaendelea, na mwanamume aliendelea kula na wa rika lake. Kula peke yako ilikuwa aibu. Mchoyo wa chakula alionekana mtu wa kuogopwa.

Utaratibu mzuri, sivyo? Sasa jiulize, mke alikuwa wapi? Alikuwa jikoni. Alipika, chakula kikaenda kwa wanaume, yeye akala na watoto wadogo na mabinti. Na kwa sababu ya heshima ya ukwe, mke hakutakiwa hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Kukaa meza moja na wanaume wakizungumza lilikuwa jambo lisilofikirika.

Vijiji vya rika havipo tena. Lakini ukwangala haukufa, ulihamia grosari. Ile meza ya kitimoto ya Jumamosi, yenye wanaume wanne na sahani moja kubwa katikati, ni kijiji cha rika kilekile, tofauti ni kwamba sasa kuna muziki na bili. Na mke bado yuko jikoni. Wala usidhani ni Wanyakyusa peke yetu. Nenda Moshi, nenda Musoma, nenda Dar es Salaam, utaikuta meza hiyo kila mahali.

Kaka msomaji, usinielewe vibaya. Sisemi uache rafiki zako. Mwanamume asiye na rafiki ni mzigo nyumbani, kila saa anauliza chumvi iko wapi. Ninachosema ni kwamba ule uso unaoupeleka kwa rafiki zako, mkeo naye anautaka. Aliolewa na uso huo. Wakati wa uchumba ulikuwa unamwonyesha kila siku.

KULA WANAKOKULA WENYEJI

Najua wengine mmeshaanza kupiga hesabu. "Dada, kumtoa mke ni gharama, hoteli bei mbaya." Hapo ndipo tunapokosana. Ni nani aliyekwambia mtoko lazima uwe kwenye hoteli yenye vitambaa vyeupe na vijiko vinne?

Hili liko dunia nzima. Katika miji ya mapumziko ya pwani ya Uturuki, kama Bodrum na Alanya, mahoteli mengi yanauza likizo ya kulipa mara moja, chakula na vinywaji humohumo ndani. Mgeni anaweza kumaliza wiki nzima bila kuonja kile anachokula Mturuki mwenyewe. Lakini ukiacha ufukwe ukaingia mitaa ya nyuma, utakuta migahawa midogo inayoitwa lokanta. Vyakula vimeshapikwa, vimepangwa mbele yako. Unatazama, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Hapo wanakula mafundi, wenye maduka na madereva.

Sasa hiyo si ndiyo mama ntilie wetu? Naye atakufunulia sufuria moja baada ya nyingine huku akitaja kwa pumzi moja: wali maharage, wali nyama, ndizi nyama, ugali samaki, ugali dagaa, makande! Tofauti ni kioo tu.

Kwa hiyo ukija Tukuyu, na nakushauri uje, fanya hivi. Kutoka jiji la Mbeya ni kama kilomita 70, barabara ya lami inayokwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Anayetoka mbali anaweza kuja kwa ndege mpaka uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012. Njiani mtapita Kiwira, na hapo kama gari linasimama msione aibu kununua mahindi ya kuchoma, hindi moja mkagawana. Kugawana hindi moja ndani ya gari ni mapenzi pia, usicheke.

Mkifika mjini msiulize hoteli kubwa iko wapi. Angalieni wanakokula madereva na wapagazi wa sokoni. Watu wanaofanya kazi nzito hawarudii chakula kibaya. Asubuhi tafuteni supu na chapati. Baridi ya Tukuyu si ya mchezo, na supu ya moto yenye ndimu na pilipili inakufungua mpaka masikio. Mchana nendeni kabla ya saa saba, sufuria zikiwa bado zimejaa. Ukienda saa tisa utakula ulichobakishiwa, kisha umlaumu mpishi bure.

Agizeni ndizi. Nasema hivi kwa sababu wageni wengi wakifika kwetu wanaagiza chipsi mayai, chakula ambacho wangekipata Kinondoni. Ndizi za kwetu zilizopikwa na maharage, au na nyama, zikaiva mpaka mchuzi ukawa mzito, ukaletewa na kikombe cha maziwa mgando pembeni, huo ni mlo unaokufanya unyamaze. Parachichi nalo utaletewa kama si kitu. Kwetu ni kitu cha kawaida, ingawa siku hizi yanasafirishwa mpaka Ulaya.

Kwa bei za mama lishe, noti moja ya elfu kumi inatosha watu wawili kula wakashiba. Kwa hiyo kisingizio cha gharama nimekifuta. Kama una kingine, endelea kusoma.

SHUKENI MATEMA

Wanaotaka mtoko wa kulala, hasa maharusi wa fungate na wale waliosahau kwamba waliwahi kuwa na fungate, nawapeleka Matema, wilaya ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kutoka Tukuyu barabara inateremka mpaka unavua sweta njiani. Mnaacha migomba na chai, mnaingia kwenye mpunga, michikichi na kokoa, na joto linawapokea. Kisha ziwa. Mchanga, mitumbwi, na Milima ya Livingstone iliyosimama kama ukuta majini. Wageni wengi wa nje wanapajua kuliko sisi wenyewe.

Matema zipo nyumba za wageni ufukweni na zina chakula. Laleni huko, sikatazi. Lakini milo yote msiile humohumo. Niliwahi kukaa katika hoteli moja ya ufukweni, wala si Matema, na jina lake tuliache. Tuliagiza samaki tukaambiwa hakuna, kuna chipsi kuku. Kuku akaja baada ya saa mbili. Na muda wote huo, mbele ya macho yetu, wavuvi walikuwa wanashusha samaki mchangani. Mtu anaweza kukaa hatua mia moja kutoka kwenye chakula bora cha mahali hapo asikionje, kwa sababu tu hakutoka nje ya geti.

Basi tokeni nje ya geti. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa jingine lolote duniani. Kuna usipa, samaki wadogo wanaopatikana ziwa hili tu. Wakikaangwa wakakauka vizuri unawala wazima, kichwa na mkia. Kuna magege. Na kuna mbasa, samaki mkubwa mwenye heshima zake, anayepanda mitoni kwenda kuzaa. Siku hizi amepungua, kwa hiyo ukimpata mle kwa adabu. Wali utakaoletewa ni wa Kyela, ule mchele wenye harufu ambao wafanyabiashara wa mijini wanapenda kulitumia jina lake hata kwenye gunia lisilohusika. Hapa unaula kwenye shina lake.

Ushauri wangu: mpateni mama lishe mapema asubuhi, mwambieni mnataka nini kwa jioni, mpeni na pesa ya kununulia samaki. Yeye anamjua mvuvi na anajua saa mitumbwi inapoingia. Mkifika jioni mtakuta chakula kilichopikwa kwa ajili yenu. Kuna raha ya pekee katika kukuta mtu anawasubiri.

Na kama mko huko Jumamosi, tembeeni mpaka Lyulilo, jirani tu na Matema, kwenye soko la vyungu. Vinafinyangwa na akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi. Nunueni kimoja, mkipakate hadi nyumbani. Siku mtakapokipikia maharage mtaikumbuka safari.

KUNAWISHANA

Sasa niseme kiini cha mada. Chakula chenyewe ni sehemu tu ya mtoko. Kitu kikubwa ni kwamba siku hiyo anayepika hapiki.

Fikiria siku ya mama wa nyumbani wa kawaida. Anaamka wa kwanza, anawasha moto, anachemsha chai, anapika mchana, anapika usiku. Kila mlo yeye ndiye wa mwisho kukaa na wa kwanza kunyanyuka. Ukimtazama vizuri utaona hali chakula chote kwa mara moja. Anakula matonge mawili, anamwita mtoto, anaongeza mboga, anarudi kimepoa. Mtu wa namna hiyo, ukimweka mahali akaletewa sahani ya moto na hakuna anayemwita, hujamlisha tu. Umempa dakika 40 za kuwa mgeni.

Kuna jambo nililiona Tukuyu ambalo sitalisahau. Ulikuwa mgahawa wa kawaida, meza za mbao, mvua inapiga bati mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti. Wakaingia mzee na bibi yake, wamelowa, nafikiri walikuwa wametoka hospitali maana bibi alishika kadi mkononi. Msichana wa mgahawa akaleta birika la maji ya moto na beseni. Kwetu, mwanamke ndiye humnawisha mumewe, tena kwa kuinama. Bibi akanyoosha mkono kulichukua birika kama alivyozoea maisha yake yote. Mzee akamtangulia. Akalishika yeye, akamwambia, "Leta mikono."

Bibi akageuka kutazama nani anaona. Tulikuwa tunaona wote, tukajifanya tunatazama mvua. Akaleta mikono. Mzee akammiminia taratibu, mpaka maji yakaisha tope la njiani. Bibi akasema kwa sauti ndogo, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Halafu wakala ndizi zao.

Mwanangu, mle ndani kulikuwa na wanaume wa nguvu, madereva wa malori, na hakuna aliyecheka. Mmoja akachukua simu akatoka nje kupiga. Sijui alimpigia nani, nami siulizi ya watu.

NANI ANAFUNGUA POCHI?

Swali hili huvunja mitoko mingi kuliko chakula kibaya. Mume anaogopa bili, mke anaogopa kuagiza, basi wote wawili wanakunywa soda na kurudi nyumbani na njaa. Dawa yake ni kuzungumza kabla ya kutoka. "Leo tuna elfu kumi na tano, na nauli imo humo." Mkishakubaliana, mle kwa amani.

Na wanawake wenzangu, wengi wetu tuna hela zetu siku hizi, za ndizi, za maziwa, za vikoba, za mshahara. Hakuna sheria inayosema mtoko ni wa mwanamume tu. Mwalike wewe. Lakini ukilipa, lipa kama mtu aliyealika. Usimpenyezee noti chini ya meza kama unamhonga, na wala usimtangazie mhudumu kwamba leo unalipa wewe. Siku hizi ni rahisi, unalipa kwa simu hata kabla hajamaliza kunawa. Mkitoka, suala limekwisha, na lisirudi nyumbani siku mkigombana. Mlo uliotumika kama fimbo baadaye ulikuwa bora usiliwe.

MAMBO MADOGO YENYE UZITO

Kabla hatujaagana, yashike haya.

Nendeni wawili. Mtoko wa ndoa ukimbeba na shemeji, na rafiki, na "huyu alikuwa anapita tu", umeshakuwa kikao. Watoto nao waachieni bibi au shangazi, na mletee kila mmoja kipande cha kitu ili wasije wakachukia mitoko yenu.

Simu iwe mfukoni. Kama unasubiri simu ya muhimu, sema mapema. Kukaa mbele ya mkeo ukisoma ujumbe wa watu wengine ni sawa na kumleta rafiki yako mezani bila kumtambulisha.

Ada ya shule, mabati yaliyovuja na mgogoro wa shamba viacheni nyumbani, vitawasubiri. Mkikosa la kusema, na wa ndoa ndefu mtakosa mwanzoni, anza na hili: mwulize mwenzio swali ambalo hukuwahi kumwuliza. Utotoni alipenda chakula gani? Nani alimfundisha kupika? Mtu uliyelala naye miaka 19 anaweza kukushangaza kwa jibu.

Msifie mpishi, lakini kuwa makini. Kaka, usiseme, "Huyu mama anajua ndizi, si kama zile za nyumbani." Utarudi na basi la mwisho peke yako. Sema, "Ndizi nzuri, lakini zako nazijua." Uongo hapo haumo, na amani ipo.

Kwa wanaoheshimu ukwe kama sisi wa Rungwe, chagueni meza ya pembeni. Baba mkwe akiingia, salimieni kwa adabu, "Mughonile," na mume ndiye amwendee. Hakuna haja ya kukimbilia mlango wa nyuma. Kula chakula na mumeo si kosa la kujifichia.

Na watu wakisema? Waache waseme. Watasema wiki mbili. Wiki ya tatu utasikia jirani anamwuliza mumewe, "Na sisi je?" Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Maana yule dada wa Nkunga, ili nisikuache ukiwaza, bado hajaenda. Nilipoondoka alikuwa anasema atafikiri. Sikumsukuma, kwa sababu jambo hili si lake peke yake kuamua. Kuna mtu anayecheka Jumamosi jioni kwenye meza ya kitimoto, na kama mke wake au rafiki yake atamwonyesha ukurasa huu, namwomba kitu kimoja tu. Jumamosi hii waage wenzako mapema. Rudi nyumbani mchana, mwambie avae kile kitenge kipya alichokihifadhi kabatini akisubiri harusi ya mtu mwingine. Shukeni mjini. Birika likiletwa, lishike wewe. Halafu simulia kile kinachowachekesha kila wiki, na umpe nafasi acheke naye.

Tuonane mwezi ujao, panapo majaliwa. Mpenzi msomaji, mchana mwema, na ujumbe wako kuhusu mtoko wenu nausubiri.